Tovuti ikigoma kufunguka: namna ya kuponya hifadhidata bila kupoteza kumbukumbu

GOMA – Saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, mtangazaji wa zamu anafungua tovuti ya redio ili apandishe habari za kwanza. Pahali pa ukurasa anaoujua anakuta uwanja mweupe wenye mstari mmoja wa Kifaransa: «Erreur lors de la connexion à la base de données». Anajaribu tena kwa simu. Vilevile. Anampigia kijana aliyeitengeneza tovuti, na jibu linakuja haraka: «Base imekufa ile. Futa tu, tutaweka ingine mpya.»

Jibu la namna hiyo ndilo linaloleta hasara kuliko ajali yenyewe. Mara nyingi base haijakufa. Imeumia pahali pamoja, au haijaumia kabisa, ila tovuti imeshindwa kuifikia. Kinachoiua kwa kweli ni mkono unaobonyeza kitufe cha kufuta kabla mtu hajachukua nakala ya kile kilichobaki.

Na kilichobaki kinaweza kuwa kikubwa. Mei 22, 2021, Nyiragongo ilipotapika, lava ilishuka hadi Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye serikali ya kijeshi ya jimbo iliamuru mitaa kumi ya mji ihame, na watu wakaelekea Sake, Minova, Rutshuru, Bukavu na ng'ambo ya mpaka Rwanda. UNICEF ilitangaza siku zile za mwanzo kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao. Mambo ya namna hii, nani anamtafuta nani, nani ameonekana wapi, ndiyo redio za mitaa hutangaza na kuandika. Redio iliyoandika siku hizo kwenye tovuti yake ina kumbukumbu ambayo haiko pengine. Ikifutwa kwa haraka ya asubuhi moja, hakuna wa kuiandika upya.

Daftari na sanduku

Tovuti nyingi za redio, shule, makanisa na mashirika zinaendeshwa na programu ya WordPress, iliyoanza mwaka 2003. Tovuti ya namna hiyo ina sehemu mbili, na kuelewa tofauti yake ni nusu ya kazi yote.

Sehemu ya kwanza ni mafaili: picha, sauti, mapambo ya ukurasa na programu yenyewe. Sehemu ya pili ni hifadhidata, ile mafundi wa hapa wanaita base de données au kwa kifupi base. Humo ndimo mnakaa maneno: vichwa vya habari, habari zenyewe, tarehe, majina ya waandishi, maoni ya wasomaji, mipangilio ya tovuti. Yamepangwa katika majedwali. WordPress mpya isiyoongezewa kitu ina majedwali 12. Lile la habari linaitwa wp_posts, la mipangilio wp_options, la watumiaji wp_users. Herufi zile za mbele zinaweza kuwa tofauti kama aliyeisimika alizibadilisha. Programu inayoyatunza majedwali hayo ni MySQL, au MariaDB iliyozaliwa kutoka humo. Zote mbili zimepewa majina ya mabinti wa mwanzilishi mmoja, Michael Widenius wa Finland: My na Maria.

Sasa jambo ambalo watu wa redio wanapaswa kulishika: sauti haikai ndani ya hifadhidata. Ukipandisha kipindi cha Mei 2021, faili ya sauti inaingia kwenye folda ya wp-content/uploads, ndani ya 2021, ndani ya 05. Hifadhidata inaandika tu kwamba faili hiyo iko pale. Ni kama ghala la mizigo na daftari la mlinzi. Daftari likilowa maji, mizigo haijaibiwa. Ila hakuna tena anayejua gunia lipi ni la nani.

Kwa hiyo tovuti ikitoa ule mstari wa Kifaransa, vipindi vya redio viko pale pale kwenye seva. Hilo peke yake linatosha mtu avute pumzi kabla ya kubonyeza chochote.

Je, imeharibika kweli?

Wa kwanza kulaumiwa huwa ni umeme. «Courant ilienda jana usiku, njo sababu.» Katika mji unaoishi kwa SNEL, kwa umeme wa Virunga unaotoka Matebe, kwa sola na kwa jenereta, lawama hiyo ni ya kawaida, lakini hapa kwa kawaida haina msingi. Seva inayotunza tovuti haiko Goma. Iko Ulaya au Marekani au Afrika ya Kusini, katika jengo lenye jenereta zake. Giza la Katindo haliifikii. Umeme wa Goma unaweza kuidhuru hifadhidata kwa njia mbili tu: kama ofisi imeweka seva yake yenyewe ndani ya chumba chake, au kama mtu alikuwa katikati ya kupandisha nakala na mtandao ukakatika.

Mstari ule unasema kitu kimoja: tovuti imegonga mlango wa hifadhidata na haikufunguliwa. Sababu zinaweza kuwa nne au tano, na kuharibika kwa majedwali ni moja tu kati yake.

Pengine mlango umebadilishwa ufunguo. Mtu aliingia kwenye paneli, yaani ule ukurasa wa kuendeshea tovuti unaotolewa na kampuni iliyokodisha nafasi kwenye seva (cPanel, Plesk, DirectAdmin, au paneli ya kampuni yenyewe), akabadilisha neno la siri la hifadhidata, akasahau kuliandika pia kwenye faili ya wp-config.php. Faili hiyo inafunguliwa kwa kidhibiti cha mafaili ndani ya paneli. Ina mistari minne ya kutazama: jina la hifadhidata, jina la mtumiaji, neno la siri, na anwani ya seva. Vikilingana na vilivyo kwenye paneli, tatizo liko pengine. Visipolingana, kazi inaisha kwa dakika mbili.

Pengine seva yote ya hifadhidata imelala, na wateja wengine wa kampuni ile wanalia vilevile. Namna ya kujua ni kufungua phpMyAdmin kutoka kwenye paneli. phpMyAdmin ni dirisha la kutazama majedwali, liko tangu 1998 na karibu kila paneli inalo. Likifunguka na majedwali yakaonekana, seva iko hai. Likikataa nalo, hakuna cha kutengeneza kwa upande wa mteja. Ni kuandikia kampuni na kungoja.

Pengine mwaka umeisha na haujalipiwa. Tangu benki za Goma zilipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, kulipa kwa kadi kampuni iliyo ng'ambo si jambo la kwenda dirishani na kurudi, na tarehe ya kulipa haingoji. Lakini mara nyingi tovuti isiyolipiwa inaonyesha ukurasa wa kampuni, siyo mstari wa hifadhidata.

Na pengine nafasi imejaa. Hili kwa redio ndilo la kushuku mapema, na hesabu yake ni rahisi. Saa moja ya sauti ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula megabaiti 57 na nusu hivi. Redio iliyokodi gigabaiti 10 na inayopandisha kipindi kimoja cha saa moja kila siku itaijaza kabla ya miezi sita. Nafasi ikijaa, hifadhidata inashindwa kuandika hata neno moja, na jedwali la aina ya zamani likikatizwa katikati ya kuandika linavunjika. Ukurasa wa mbele wa cPanel unaonyesha nafasi iliyotumika. Ikiwa imegota mwisho, hakuna kitufe cha kutengeneza kitakachosaidia mpaka nafasi ipatikane, kwa sababu kutengeneza nako kunahitaji pahali pa kuandikia. Vipindi vikubwa vishushwe kwenye diski kwanza, halafu ndipo viondolewe kwenye seva. Siyo kinyume chake.

Kuna pia ujumbe mwingine unaowachanganya watu, ule unaosema tovuti iko kwenye matengenezo kwa muda mfupi. Huo hauhusu hifadhidata. WordPress ilikuwa inajisasisha ikakatizwa, ikaacha nyuma faili ndogo inayoitwa .maintenance, yenye nukta mbele. Ukiifuta faili hiyo, tovuti inarudi.

Kuharibika kwenyewe kuna sura yake. phpMyAdmin inafunguka, orodha ya majedwali inaonekana, lakini pembeni ya mojawapo, pahali pa hesabu ya mistari, pameandikwa «utilisé» au pako patupu, na ukilifungua unaambiwa kwamba limewekewa alama ya kuanguka na linahitaji kutengenezwa. Hapo sasa kuna mgonjwa.

Nakala ya mgonjwa

Kinachofuata ndicho watu wanakiruka, kwa sababu kinaonekana kama upuuzi: kuchukua nakala ya kitu kilichoharibika. Nakala ya nini, wakati kimeharibika? Sababu ni kwamba kutengeneza si kusafisha tu. Jedwali likitengenezwa, mistari isiyosomeka inaweza kutupwa, na ikishatupwa hairudi. Fundi mwingine mwenye ujuzi zaidi, au nakala ya wiki iliyopita iliyowekwa kando kwa kulinganisha, ingeweza kuiokoa mistari hiyo kama mtu angeiacha ilivyo.

Njia ya kawaida ni ile ya «Exporter» ndani ya phpMyAdmin, inayoshusha majedwali yote kama faili moja ya maandishi. Mitego iko miwili. Wa kwanza: ikifika kwenye jedwali lililovunjika, kazi inaweza kusimama hapo, na yaliyofuata hayaingii kwenye faili. Dawa yake ni kuchagua majedwali yaliyo mazima kwanza, kuyashusha, halafu kujaribu lile gonjwa peke yake. Wa pili ni mtandao wetu. Faili inaweza kukatika njiani, na kompyuta ikaionyesha kama iliyokamilika. Ifunguliwe kwa programu yoyote ya maandishi na kutazamwa mwishoni: faili nzima ya phpMyAdmin inafunga kwa neno COMMIT na mistari michache ya kurudisha mipangilio ya herufi. Ikiishia katikati ya sentensi ya habari, haikufika yote. Kuchagua ufinyazi wa «gzip» wakati wa kushusha kunapunguza uzito sana, maana maneno yanafinyika vizuri, na mega hazinunuliwi bure.

Kuna njia ya pili ambayo haili mega hata kidogo, na inashangaza kwamba wachache wanaitumia. Kwenye paneli mtu anaumba hifadhidata mpya tupu na kumpa mtumiaji yuleyule haki juu yake. Halafu ndani ya phpMyAdmin, kwenye hifadhidata ya zamani, anaingia «Opérations» na kuchagua kuinakili kwenda ile mpya, akiondoa alama inayotaka hifadhidata iumbwe kwanza, kwa kuwa imeshaumbwa. Kazi yote inafanyika kule kule kwenye seva. Goma inatuma amri tu. Hata mtandao ukiwa wa kudonoa, maneno machache ya amri yanapita. Jedwali lililovunjika linaweza kukataa kunakilika, lakini mengine yote yatakuwa yamepata pacha.

Nakala mbili basi: moja kwenye seva, moja kwenye kompyuta. Baada ya hapo mkono unaweza kuelekea kwenye kitufe.

Kitufe na kile kinachofanya

Kwenye cPanel mtu anaingia sehemu ya hifadhidata za MySQL na kukuta pahali pawili: pa kukagua na pa «Réparer la base de données». Plesk ina kitufe kimoja cha kukagua na kutengeneza. Kwenye phpMyAdmin anaweka alama kwenye jedwali moja tu, na chini ya orodha anachagua «Vérifier la table», halafu «Réparer la table». Ni heri hii ya mwisho, kwa sababu inagusa jedwali linaloumwa na kuyaacha mazima.

WordPress nayo ina mlango wake. Kwenye wp-config.php unaongezwa mstari define('WP_ALLOW_REPAIR', true); Halafu anwani ya tovuti inafunguliwa ikifuatiwa na /wp-admin/maint/repair.php. Ukurasa huo hauulizi neno la siri. Yeyote anayejua anwani anaweza kuufungua na kubonyeza. Kazi ikiisha, mstari ule uondolewe saa hiyo hiyo. Kuna tovuti zimeuacha wazi kwa miaka bila mwenye kujua.

Lakini vitufe vyote hivi vina mpaka, na fundi asiyeujua atabonyeza hadi jioni. Majedwali yako ya aina mbili zinazotumika zaidi. Aina ya zamani ni MyISAM. Jedwali lake lina faili ya data na faili ya faharasa, na kinachovunjika mara nyingi ni faharasa: mistari iko, orodha ya kuionyesha imechanika. Kutengeneza kunaijenga faharasa upya kutoka kwenye data, na mara nyingi kunafaulu kwa sekunde chache. Kitufe kilibuniwa kwa ajili ya aina hii.

Aina ya pili ni InnoDB, ambayo imekuwa ya kawaida tangu MySQL 5.5 ya mwaka 2010. Hii inaandika kila badiliko kwenye kumbukumbu ya pembeni kabla ya kuligusa jedwali, ili seva ikizimika ghafla iweze kujisawazisha yenyewe ikiwaka. Kwa hiyo ni ngumu kuvunjika. Ila ikivunjika, kile kitufe hakiifanyi kitu. phpMyAdmin itajibu tu kwamba aina hii ya jedwali haikubali kutengenezwa, na mtu anayesoma haraka ataona neno la kijani au la njano na kudhani kazi imefanyika. Aina imeandikwa kwenye safu ya «Type», pembeni ya jina la kila jedwali. Ni neno moja la kusoma kabla ya kubonyeza.

Ikiwa ni InnoDB na imeumia kweli, dawa iko mikononi mwa anayesimamia seva. Anaweza kuiwasha kwa nguvu katika ngazi za 1 hadi 6, kusudi majedwali yasomeke angalau mara moja na yashushwe. Kuanzia ngazi ya 4 data yenyewe inaweza kuharibika moja kwa moja, ndiyo maana hata wao wanapanda ngazi hizo polepole. Mteja aliyekodi nafasi ndogo hana ruhusa hiyo. Kazi yake ni kuandika tiketi nzuri.

Tiketi nzuri ina jina la hifadhidata, maneno ya kosa yaliyonakiliwa kama yalivyo, jambo la mwisho lililofanywa kabla ya kuharibika, na saa. Saa inaleta mkanganyiko kuliko mtu anavyofikiri. Saa tatu ya usiku ya Goma ni 21h00, lakini Kinshasa ni 20h00, na seva nyingi zinaandika kwa saa ya UTC, ambayo itakuwa 19h00. Fundi wa kampuni akitafuta kosa la 21h00 kwenye kumbukumbu zake hataona kitu, na atajibu kwamba seva haikuwa na tatizo. Iandikwe: 21h00 saa za Goma, UTC+2. Tena aombwe swali moja wazi: mna nakala yetu ya tarehe gani? Kampuni nyingi zinatunza nakala za siku kadhaa zilizopita, na zinazifuta kwa zamu. Ukichelewa wiki mbili, nakala nzuri inaweza kuwa imeshapishana na mbovu.

Kitu kimoja kuhusu mtandao kukatika wakati kitufe kimeshabonyezwa: kutengeneza kunaendelea kule kwenye seva, hata kama kivinjari cha Goma kimebaki kinazunguka. Usibonyeze mara ya pili na ya tatu. Ngoja, rudi baadaye, kagua.

Kurudisha bila kufunika

Kutengeneza kukishindikana, kunabaki kurudisha nakala ya zamani. Hapa kosa la kawaida ni kuimwaga nakala juu ya hifadhidata iliyopo. Nakala ikiwa pungufu, au mtandao ukikatika katikati ya «Importer», mtu anabaki na nusu ya zamani na nusu ya mpya, na hata ile iliyokuwa inaumwa haiko tena.

Njia salama haina gharama ya ziada. Iumbwe hifadhidata nyingine tupu. Nakala imwagwe humo. Halafu kwenye wp-config.php libadilishwe jina la hifadhidata, liwe hili jipya. Tovuti ikifunguka vizuri, sawa. Isipofunguka, jina la zamani linarudishwa na hakuna kilichopotea. Mgonjwa anabaki kwenye kitanda chake mpaka ijulikane wazi kwamba hahitajiki tena.

Tovuti ikirudi, mara nyingine inarudi na uso uliochafuka. «Émission» inasomeka «Ã‰mission», na kila é ya Kifaransa imegeuka Ã©. Kiswahili hakiumii, maana hakina herufi zenye alama, lakini majina ya watu na ya vipindi yanaharibika, na redio za hapa zinachanganya lugha mbili ukurasa mmoja. Data haijavunjika, imesomwa kwa mpangilio wa herufi usio wake, nakala ilishushwa kwa mmoja ikapandishwa kwa mwingine. Asikae mtu kurekebisha é moja moja kwa mkono. Nakala ipandishwe upya kwenye hifadhidata tupu, safari hii kwa kuchagua mpangilio sahihi kwenye ukurasa wa «Importer». WordPress inatumia utf8mb4 tangu toleo la 4.2 la mwaka 2015. Tovuti zilizozaliwa kabla ya hapo ndizo zenye hatari zaidi.

Na habari zilizoandikwa kati ya nakala ya mwisho na siku ya ajali? Hizo zinatafutwa nje. Ukurasa wa redio wa Facebook, magurupu ya WhatsApp ambako kila habari ilitumwa kabla haijapoa, Wayback Machine ya Internet Archive ambayo hupiga picha tovuti mara kwa mara. Faili za sauti ziko bado kwenye uploads, zimepangwa kwa mwaka na mwezi. Ni kazi ya siku kadhaa ya kubandika, lakini mwandishi mmoja na chai ya kutosha anaimaliza.

Nakala ikae wapi

Usiku wa Machi 10, 2021, jengo moja la kampuni ya OVH liliungua Strasbourg, Ufaransa, na jengo la pembeni yake likaungua sehemu. Mamilioni ya tovuti zilizimika. Wateja wengine waliokuwa wamelipia huduma ya nakala waligundua kwamba nakala zao zilikuwa zimewekwa katika jengo lilelile lililoungua, na baadhi walikwenda mahakamani. Miezi miwili na nusu baadaye Nyiragongo ikalipuka, na ofisi za Goma zikafungwa kwa haraka, diski zikabaki kwenye makabati. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Ulaya basi kuna moto wake, na hapa kuna wetu. Nakala iliyo seva peke yake au kabatini peke yake ni nakala ya kubahatisha. Ikae huku na huko, na ya tatu kwa mtu anayeaminika Bukavu au Bunia au pengine popote.

Anayeaminika, kwa sababu faili ile si maneno ya habari tu. Ina barua pepe za watumiaji, maoni pamoja na anwani za mtandao za walioyaandika, na kama tovuti ina fomu ya kuandikia redio, inaweza kuwa na majina na namba za simu za watu waliotoa malalamiko wakijua yanabaki ndani. Katika mji huu hiyo siyo karatasi ya kutupa ovyo. Kosa baya kabisa ambalo mafundi wanafanya baada ya kazi nzuri ni kuiacha faili ya nakala ndani ya public_html, folda ya wazi ya tovuti, ikiitwa backup.sql au base.zip. Kuna programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikijaribu majina hayo hayo. Faili ishushwe, ifutwe pale, na kwenye kompyuta ifungwe kwa neno la siri.

Baada ya tovuti kurudi, kama majedwali yalikuwa MyISAM, yanaweza kubadilishwa kuwa InnoDB kwenye «Opérations», pahali pa «Moteur de stockage», moja moja na nakala ikiwa pembeni. Hiyo inapunguza sana uwezekano wa kuvunjika tena kwa namna ileile.

Inabaki kuijaribu nakala. Kompyuta moja ya ofisini, programu ya bure kama XAMPP inayoifanya iwe seva ndogo bila hata mtandao, nakala ya hifadhidata na folda ya uploads vinamwagwa humo, na anwani ya tovuti inabadilishwa kwenye wp_options ielekee kwenye kompyuta hiyo. Halafu mtu asitazame ukurasa wa mbele. Atafute habari ya zamani, ya Mei 2021 tuseme, aifungue, aone jina la mtoto na la mtaa kama lilivyoandikwa siku ile, na abonyeze sauti asikie kama inalia.